Wimbo Uliomtaja Asa Rusk

Orodha ilikuwa na nyimbo ishirini, na wimbo wa babu yangu ulikuwa wa kwanza. Mimi mwenyewe ndiye niliyeuweka wa kwanza.

Kendra Slone, binti anayeendesha kituo chetu cha redio pale juu ya duka la zamani la mbegu, ndiye aliyeniagiza. "Mjomba Harlis," alisema, "miaka mitano sasa kila Jumamosi asubuhi unawaambia watu wasikilize nini. Niandikie ishirini bora. Maktaba itazichapa, zigawiwe mashuleni na kwa wageni wa tamasha la Juni."

Niliandika kwa herufi kubwa, kama tulivyofundishwa. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na saba, jioni za Jumanne na Alhamisi, kwenye chumba cha chini cha shule ya msingi, nimekalia kiti cha mtoto. Kabla ya hapo nilikuwa mgodini miaka thelathini, na huko hakuna aliyewahi kuniuliza kama najua kusoma. Nyimbo zote nilizijua kwa sikio.

Kila wimbo niliuandikia maneno machache, kwa nini usikilizwe. Namba ishirini walikuwa dada wawili wa bonde la pili, mmoja kwenye banjo na mwingine anapiga paja, wamerekodiwa jikoni, na ukitega sikio unasikia kifuniko cha sufuria ya maharage kikirukaruka. Namba tisa ilikuwa kanda ya kanisa letu. Sisi hatupigi ala kanisani. Mzee mmoja anautoa mstari upesi kwa sauti ya juu, na waumini wanaupokea polepole, kila mtu kwa njia yake, kama maji yanayopita kwenye mawe. Siku ile mvua ilikuwa inapiga bati. Niliandika, "Msikilizeni mwanamke wa nyuma anayechelewa. Ni mama yangu."

Na namba moja ilikuwa "Ressie wa Pigeonroost", ameuimba babu yangu Crit Conley peke yake bila ala yoyote, mwaka 1938, mbele ya mashine aliyoileta mtu wa chuo kikuu kwenye buti la gari. Niliandika hivi: "Anza na huu. Sikiliza asivyoharakisha. Sikiliza anavyolitaja jina la muuaji bila kupandisha sauti."

Nilijivunia sentensi hiyo. Niliisoma mara tatu mbele ya kioo.

Mnaotoka Kentucky mnaujua wimbo wenyewe. Ressie Amburgey, msichana wa miaka kumi na tisa, alikutwa amekufa kijitoni pale Pigeonroost mwaka 1926, kichwa kimepasuliwa kwa jiwe. Babu yangu aliutunga ndani ya wiki hiyo hiyo:

Ressie aliteka maji, jua likiwa kichwani,
Asa Rusk akamngoja, ana jiwe mkononi.

Zinafuata beti kumi na moja. Kwenye ubeti wa mwisho Asa Rusk analia mbele ya jaji. Babu alinifundisha nikiwa na miaka sita, tukimenya mahindi kibarazani. Alinifundisha na ufundi wake pia. Usiimbe ukitabasamu. Usitikise kichwa. Na siku moja alisema, "Harlis, ukitunga wimbo wa mauaji, mtaje mtu asiye na ndugu bondeni. Mwenye ndugu atakuja kukuuliza." Akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka. Nilidhani ni utani wa watunzi.

Jumamosi niliyoisoma orodha hewani, nilipofika namba moja na kuiweka santuri, mlango wa studio ulifunguliwa. Aliingia bibi mwembamba, anasukuma kile kitembeo cha chuma cha wazee, na nyuma yake mpwa wake, mtu mzima mwenye kofia mkononi, anamwomba Kendra radhi kwa macho.

"Wewe ndiye kijana wa Conley?" aliuliza.

"Nina miaka sitini na nne, Bibi."

"Basi kijana mzee wa Conley. Nipishe kiti."

Nikampisha. Sauti ya babu ilikuwa inatoka kwenye spika. Bibi akainua kidole, kama mtu anayengoja basi analolijua, na ulipofika mstari wa pili akaushusha kidole pale pale penye jina.

"Huyo hapo," alisema. "Naitwa Zelpha Rusk. Asa alikuwa baba yangu."

Kendra alinyoosha mkono apunguze sauti.

"Iache," Bibi Zelpha alimwambia. "Nimeusikia miaka themanini na tatu, dakika nne hazitaniua."

Tukakaa tukiusikiliza mpaka mwisho. Sijawahi kuuona wimbo mrefu namna ile. Ulipokwisha Kendra aliweka matangazo ya vifo, na bibi akanigeukia.

"Nilikuwa na miaka mitatu," alisema. "Baba alikuja kutoka Alabama kuchimba makaa, yeye na mama na mimi kwenye kikapu. Hakuwa na kaka wala binamu huku. Babu yako aliuimba huo wimbo Jumamosi, mbele ya mahakama, siku watu wote wako mjini. Jumanne wanaume sita wakamkuta baba kwenye reli anatoka zamu, wakamuua hapo hapo. Mchana kweupe. Sherifu alikuwa hajamhoji hata mara moja."

"Lakini jaji..." nilisema.

"Jaji gani? Jaji aliongezwa na babu yako mwaka uliofuata, ili wimbo uishe vizuri."

Niliitoa santuri kwenye mashine.

"Shuleni wasichana walikuwa wanaurukia kamba," aliendelea. "Nami niliruka. Niliruka vizuri kuliko wote, nakuambia. Nilikuwa na miaka saba ndipo mmoja aliposimamisha kamba akaniambia, Zelpha, huyo Asa ni baba yako. Halafu wakaendelea kuzungusha, wakaningoja niingie."

"Pole sana, Bibi Zelpha."

"Sikuja kuchukua pole. Mama alimwekea jiwe la kaburi lenye jina mara mbili, na mara mbili likavunjwa. Sasa nimechongesha la tatu. Liko kwa huyu mpwa wangu, limefunikwa turubai. Nataka lisimamishwe Jumapili ya kwanza ya Juni, kwenye ibada ya makaburini, na nataka lisimame. Kisha Jumamosi iliyopita nawasha redio nakusikia unatangaza kwamba leo utawaambia watu wote waanze na huo." Alishika kitembeo akajiinua. "Nakuomba kitu kimoja. Litoe jina la baba yangu humo kabla sijafa."

"Bibi, babu yangu hakuwa mwongo," nilisema. Nasikitika kuandika kwamba nilisema hivyo, lakini nilisema.

Hakukasirika. "Mama yangu alimwona akiuandika, kwenye ngazi za duka," alisema. "Aliandika, akakata, akaandika tena juu yake. Karatasi hiyo mliitupa?"

Hatukuitupa. Iko ndani ya Biblia ya babu, na Biblia iko kwa dada yangu Oma. Tangu utoto nimeiona mara mia, karatasi ya kahawia iliyokunjwa mara nne kwenye Zaburi. Nilikuwa nikiishika kama mtu anavyoshika picha ya marehemu. Hata baada ya kujua kusoma sikuwahi kuikunjua. Ya nini, wimbo nilikuwa nao kichwani?

Nilikwenda kwa Oma mchana ule ule. Alikuwa anatoa mkate wa mahindi kwenye oveni, na ukutani nyuma yake, mahali pake pa siku zote, ilining'inia picha ya babu yetu mdogo, Dorsie Conley, ndugu yake Crit. Dorsie alihamia Ohio angali kijana na akafanikiwa huko. Kila Krismasi alitutumia sanduku la machungwa. Mimi sikumjua mtu mpole kama yeye.

"Nataka kuona Biblia ya babu," nilisema.

"Kula kwanza."

"Oma."

Alinitazama, akajua. Aliweka sufuria chini polepole. "Nani amekuja kwako?"

"Zelpha Rusk."

"Bado yu hai?" alisema, na halafu, kwa sauti ndogo, "Ilikuwa heri usijue kusoma, Harlis."

Niliikunjua karatasi mezani. Ilikuwa penseli, mwandiko wa babu, herufi zinalala upande mmoja. Ubeti wa kwanza ulikuwa ule ule. Ila kwenye mstari wa pili paliandikwa "Dorsie", likakatwa kwa mstari mmoja, na juu yake likaandikwa "Asa Rusk". Chini kabisa palikuwa na ubeti ambao hakunifundisha, nao ulikuwa umekatwa wote kwa msalaba, lakini ulisomeka.

Ndugu yangu kaja kwangu, amelowa kiunoni,
Kitana cha yule binti, kimo mwake mfukoni.

Nilisoma neno moja moja, kidole chini ya kila neno, kama darasani. Nilipomaliza nilianza tena juu, nikitumaini nimekosea.

"Wewe ulisoma lini?" nilimuuliza Oma.

"Nikiwa na miaka kumi na miwili."

"Na ukaitundika picha yake ukutani."

"Nilikuwa nimeshakula machungwa yake miaka kumi na miwili," alisema, macho yamejaa machozi ya hasira. "Ungetaka niyatapike? Dorsie amekufa. Crit amekufa. Ressie amekufa. Wajukuu wa Dorsie wanakuja kila Agosti, wanalala chumba kile pale. Utawaambia nini? Karibuni, huyu ndiye babu yenu, chukueni mkate?"

"Na Zelpha?"

"Zelpha amezoea."

Nadhani neno hilo lilimtoka bila kukusudia. Alijifuta mikono kwenye aproni, akaendelea kujifuta wakati mikono imeshakauka. Niliichukua karatasi. Hakunizuia, lakini hakunitazama tena, na mkate ukapoa mezani.

Nilisimamisha gari kando ya kijito na nikaomba. Mimi huwa naomba kwa sauti, ndivyo tulivyolelewa. Nilimwambia Mungu kwamba nimeimba wimbo ule tangu utoto, makanisani wakati wa chakula, harusini, kwenye mazishi ya wachimbaji wenzangu, na kila mara niliua mtu yule yule. Nilimwomba anionyeshe njia ambayo haitamuumiza Oma. Nilikaa mpaka vioo vikaingia ukungu. Hakunionyesha njia nyingine, na nilijua kwamba nilikuwa naomba ruhusa ya kunyamaza.

Jumatatu nilimweleza Kendra. Alisoma karatasi amesimama, mkono mdomoni.

"Uondoe kwenye orodha," nilisema.

"Mjomba, maktaba walichapa Ijumaa. Nakala elfu tatu. Nusu zimeshakwenda shuleni."

"Basi uondoe kwenye santuri."

"Ile santuri ipo kwenye maktaba za nchi nzima. Watu wanayo majumbani. Nitaiondoaje?" Alikuwa anataka kulia, binti wa watu. "Ninaweza kuchapa vikaratasi vidogo tubandike kwenye nakala zilizobaki. Na hewani Jumamosi ni saa yako. Sema unachotaka. Sitagusa kitufe."

Jumamosi ile sikuweka santuri yoyote. Niliwaeleza wasikilizaji habari yote tangu ngazi za duka hadi reli, nikatamka jina la babu yangu na jina la ndugu yake. Nilisema hapakuwa na jaji. Kisha nikaimba. Mapafu yangu yana vumbi la mkaa, na siku hizi nikimaliza ubeti mmoja lazima nipumzike, lakini niliimba zote kumi na mbili, nikiweka Dorsie Conley palipokuwa na Asa Rusk, na ule ubeti uliokatwa nikaurudisha mahali pake. Wa jaji niliuacha. Wimbo ukaishia mtu amelowa kiunoni.

Simu ya kwanza ililia kabla sijavua vipokea sauti vya masikioni. Kendra aliiweka hewani. Alikuwa mama mmoja wa mgongo wa mlima, nilimjua kwa sauti.

"Harlis, huo wimbo nimeusikia tangu tumboni. Umeuharibu."

"Dada, ndio ukweli."

"Sikatai. Lakini haukai vizuri. Tuwekee ule wa babu yako tuondoe hii ladha."

Simu ya pili ilikuwa ya Burl, mzee wa miaka tisini ambaye alichimba makaa na baba yangu. "Kijana wangu," alisema, "ulivyoanza nilidhani una habari mpya. Hilo tulilijua. Baba yangu alijua. Kila mtu wa Pigeonroost alijua Dorsie alikimbilia Ohio kwa nini."

"Na mlikuwa mnauimba, Mzee Burl?"

"Sasa tungeimba nini? Wimbo ndivyo ulivyo."

"Baba yako alikuwepo kwenye reli?"

"Salamu kwa Oma," alisema, akakata simu.

Nilikwenda kwa Bibi Zelpha kwenye nyumba ya wazee. Redio yake ndogo ilikuwa bado inawaka kitandani. Nilipiga magoti kando ya kitanda.

"Umesikia?" niliuliza.

"Nimesikia. Unapumua vibaya katikati ya mstari."

"Bibi, nimekuja kuomba msamaha kwa ajili ya babu yangu na kwa ajili yangu."

"Unafikiri sikujua kuwa ni Dorsie?" alisema. "Mama alijua kabla baba hajazikwa. Sisi tuliojua ndio ambao hakuna aliyetuuliza. Nilitaka tu jina hilo limtoke Conley mdomoni." Aliweka mkono wake juu ya kichwa changu, mkono mwepesi kama jani kavu. "Simama, utashindwa kuinuka. Jumapili ya kwanza uje na koti. Nataka wewe ndiye utakayetoa mistari."

Nilikwenda na koti. Makaburi yale yako juu kabisa ya kilima, gari halifiki, kwa hiyo mpwa na wanaume wawili wa kanisani kwetu walimbeba Bibi Zelpha kwenye kiti chake, na jiwe tukalipandisha kwa sleji, jukwaa la mbao la kuburuta. Lilikuwa la kijivu, si kubwa, na maandishi yake yalikuwa ASA RUSK, na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na chini yake BABA. Pale lilipowekwa tulikuta vipande vya yale mawili ya kwanza vimezama ardhini. Wazee watatu walihubiri kwa zamu. Oma hakuja. Nilitoa mistari, na watu kama arobaini wakaipokea, na sauti ya Bibi Zelpha ilikuwa imepasuka lakini haikuchelewa hata mara moja. Baadaye tulikula kuku baridi na viazi juu ya mashuka tuliyoyatandika kwenye majani. Alikula mapaja mawili. Aliniambia kwamba ni mara ya kwanza kula chakula mahali pale bila kutazama njia.

Hiyo ilikuwa tarehe saba. Tamasha lilikuwa tarehe ishirini.

Wageni walikuja wengi kuliko mwaka wowote, kwa sababu gazeti moja la mji mkubwa lilikuwa limeandika kuhusu wimbo wenye majina mawili. Jumatatu baada ya tamasha mpwa wake Zelpha alinipigia. "Shangazi anataka twende naye kule juu," alisema. "Ameambiwa kitu na wauguzi. Mimi sijamwambia hapana, na wewe usimwambie."

Tulipofika kileleni tumembeba kwenye kiti chake, nikihema, tulikuta watu wawili pale kaburini, kijana na msichana wenye mabegi ya mgongoni na viatu vizuri vya mlimani. Majani yote yalikuwa yamelazwa kwa nyayo. Juu ya jiwe watu walikuwa wamepanga kokoto za kijitoni, za mviringo, kama kumi na mbili. Msichana alikuwa ameshika kimashine kidogo cha muziki, na ndani yake, kwa sauti nyembamba, babu yangu alikuwa anaimba.

Walitupokea vizuri sana. Hilo ndilo linaloniumiza. Walitupisha kivuli.

"Na nyie mmekuja kumwona?" kijana aliuliza. "Tumeendesha siku mbili. Huyu ndiye muuaji wa kwenye wimbo." Alitoa orodha yetu mfukoni, imekunjwa mara nne. Kikaratasi cha Kendra hakikuwepo, labda kilibanduka, labda hakikubandikwa kabisa. "Sikiliza anavyolitaja jina la muuaji bila kupandisha sauti," alisoma. "Mtu aliyeandika hivi anajua kusikiliza. Tumekaa hapa tukasikiliza mara tano, na kweli, hapandishi."

"Hizi kokoto?" mpwa aliuliza.

"Watu wanaleta kutoka kijitoni. Kwa ajili ya lile jiwe la mkononi, si unajua?"

Niliwaeleza. Nilieleza kwa upole kadiri nilivyoweza, huku napumua kwa shida, na Bibi Zelpha kwenye kiti chake akinitazama kama anavyotazamwa mtoto anayesoma kwa sauti. Waliguswa. Msichana alizima mashine, akasema ni jambo la kusikitisha mno. Kisha kijana akauliza, macho yanang'aa, "Kwa hiyo kuna rekodi ya pili? Ya kwako? Tunaweza kuipata wapi? Mbili pamoja zingependeza sana."

"Wanangu," Bibi Zelpha alisema, "nendeni mkale. Mjini kuna maharage mazuri."

Waliposhuka, wakipunga mikono, aliwatazama mpaka wakapotea. Upepo ulikuwa unapeperusha ukosi wa koti lake.

"Zamani walikuwa wanalivunja," alisema mwishoni. "Hao walikuwa wachache, na walikuja wakiwa wamelewa. Hawa hawataisha. Watakuja wakiwa na akili zao timamu."

"Bibi, nitaweka kibao. Nitaandika habari yote."

"Watakipiga picha kibao." Akanyoosha kidole. "Lilazeni."

"Shangazi," mpwa alisema.

"Lilazeni kifudifudi. Mimi najua jina lake. Nanyi mnalijua. Wengine walilijua kwenye wimbo tu."

Niliomba kimya. Mpwa alishuka kwenye gari akaleta mtaimbo. Tulikusanya kokoto tukazitupa porini. Udongo ulikuwa bado laini, haujashika, kwa hiyo jiwe halikutusumbua sana. Mpwa alilisukuma kwa mtaimbo na mimi nikalipokea kifuani, tukaliteremsha polepole mpaka likalala, herufi chini, kwenye udongo wa mfinyanzi. Vifundo vya mkono wangu vilichubuka. Kwa juu lilikuwa sasa jiwe lolote, kama yale ya wenyeji maskini ambayo hayana maandishi.

"Toa mstari," Bibi Zelpha alisema.

Pumzi ilikuwa haitoshi, lakini nilitoa. Aliupokea peke yake, polepole, akauburuta mpaka mwisho, kisha akangoja wa pili. Niliutoa wa pili. Kwenye wa tatu nilikohoa, akangoja tena, mikono juu ya magoti, anatazama mbele.

Jumamosi iliyofuata sikwenda redioni, na sijaenda tena. Kendra anaendelea na kipindi mwenyewe. Ananiambia kwamba wasikilizaji bado wanapiga simu kuomba namba moja, na akiwauliza upi, wanasema ule wa zamani.